Mgeni Mlangoni mwa Hekalu

Katika Kiswahili neno "mgeni" lina kazi mbili. Mtu apitaye njiani, ambaye hatumjui jina wala kwao, ni mgeni. Na mtu tuliyemchinjia kuku na kumtandikia mkeka, naye ni mgeni. Wanafunzi wetu, hasa wale wajifunzao lugha hii ukubwani, hutuuliza mara kwa mara inakuwaje lugha yenye msamiati mpana namna hii isiwatenganishe watu wawili walio mbalimbali kiasi hicho. Jibu tulilozoea kuwapa ni kwamba lugha haikusahau, bali ilikusudia: asiyejulikana akipiga hodi na akakaribishwa, amekwisha kuwa yule wa pili. Kisha huwaandikia ubaoni kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kengele hulia, nasi hutoka darasani tumeridhika.

Hatukupata kulipima jibu hilo mpaka tulipokuwa wageni wenyewe, mbali na kwetu. Sisi waalimu watatu wa Jinja, wawili wastaafu na mmoja aliye bado kazini, tulifunga safari ya Asia baada ya kudunduliza akiba kwa miaka mingi. Tulikwenda kutazama mahekalu, kuonja vyakula na kujionea jinsi watu waishivyo. Uzuri wa mahekalu yenyewe hatutausimulia hapa, kwani picha zake ni tele na zasema vizuri kuliko sisi. Lililotushughulisha, na ambalo tungependa wasomaji walifikiri pamoja nasi, ni swali hili: mtu asiye wa dini fulani, je, ana haki ya kuingia mahali patakatifu pa wenye dini hiyo kwa ajili ya kutazama tu?

Tuanze na neno, maana sisi ni waalimu wa lugha na hatuna budi kuanzia nyumbani. Siku hizi mtu wa namna hiyo huitwa mtalii. Asili ya kitenzi "kutalii" ni Kiarabu, nayo maana yake ya kale ni kusoma kwa makini, kudurusu kitabu. Yaani mtalii, kwa haki ya jina lake, alipaswa kuwa msomaji. Kando yake tunalo neno "kuzuru", ambalo hutumika kwa ziara ya kiongozi na pia kwa ziara ya makaburi ya watu wema. Anayezuru huenda kwa adabu, hutanguliza salamu, na aghalabu huwa na jambo moyoni. Tulipoondoka Entebbe tulidhani sisi ni wa maneno yote mawili. Huko Luang Prabang tuligundua kwamba hatukuwa hata wa moja.

Luang Prabang ni mji wa wafalme wa zamani wa Laos, uliopo pale mto Nam Khan unapokutana na Mekong. Hekalu lake mashuhuri, Wat Xieng Thong, lilijengwa katika miaka ya 1559 na 1560, na mwaka 1995 mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini jambo linalowaamsha wageni kabla ya jua si jengo. Kila alfajiri watawa wa dini ya Budha hutoka katika mahekalu yao, miguu mitupu, wamevaa nguo za rangi ya zafarani, wakiandamana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na bakuli lake. Wenyeji huwangoja kando ya barabara. Wanawake hupiga magoti, na kila mtu ana kikapu cha mwanzi chenye wali wa kunata, ule unaopikwa kwa mvuke na kuliwa kwa kufinyangwa vidoleni. Mtawa anapopita hutiwa tonge bakulini. Hapana neno linalosemwa. Mtoaji hangoji shukrani wala mpokeaji haitoi. Ikiwa kuna wa kushukuru, basi ni yule aliyetoa, maana yeye ndiye aliyepata nafasi ya kutenda jema. Nao watawa, baada ya kupokea, huwagawia watoto maskini walioketi na vikapu vyao mbele kidogo. Chakula hicho hakina budi kuliwa kabla ya adhuhuri, kwani baada ya hapo mtawa hali tena mpaka kesho yake.

Sisi tulikuwa na kamera. Tulisimama mahali pazuri, tukasogea, tukasogea tena. Mbele yetu alikuwapo bibi mmoja wa makamo ya mama zetu, amepiga magoti juu ya mkeka, na aliyekuwa akimkaribia alikuwa mtawa mtoto, yamkini wa miaka kumi na mmoja. Taa ya kamera yetu ikawaka usoni pake. Mtoto akafumba macho, akakosa hatua, na lile tonge likaanguka barabarani. Bibi aliliokota, akaliweka pembeni, akafinyanga jingine. Hakututazama. Hakuna aliyetukaripia, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Baadaye, tukirudi, tuliona tangazo ukutani ambalo tulikuwa tumelipita bila kulisoma: wageni wanaombwa wakae mbali, wavae kwa heshima, wasiwaguse watawa, wasiwashe taa za kamera, na anayetaka kutoa wali, auandae vizuri, na atoe ikiwa jambo hilo lina maana kwake. Hao ndio watalii, wasomaji wa kudurusu, waliopita tangazo bila kulisoma!

Tukajiuliza: tuliwaibia nini wale watu? Hesabu ya kawaida yasema hatukuiba kitu. Wali ulibaki wao, barabara yao, dini yao. Macho hayapunguzi kinachotazamwa. Hivyo ndivyo wanavyojitetea wasafiri wengi, na sisi tulijitetea vivyo hivyo kwa siku mbili tatu. Walakini utetezi huo una kasoro. Nguvu ya tendo lile yote ilikuwa katika kutotazamwa kwake. Mtawa huinamisha macho, mtoaji huinamisha kichwa, na kati yao hakuna sifa inayopita. Akija wa tatu mwenye kamera, mambo hubadilika hata kama hakugusa kitu: mmoja anakuwa mpokeaji katika picha, mwingine mtoaji katika picha, na ibada inageuka ngoma ya jukwaani. Kwa hiyo kipo kilichochukuliwa. Kwamba hakionekani wala hakipimiki kwa mizani si ushahidi kwamba hakikuwapo.

Yapo na madhara yanayoonekana, na hayo hatutayakawilia. Katika Borobudur, kisiwani Java, hekalu lililojengwa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, ngazi za mawe zimelika kwa nyayo za viatu hata wakuu wake wakaamua kupunguza wapandao mpaka watu 1,200 kwa siku, na kila mmoja kuvalishwa kandambili laini. Tunajua vile vile kwamba fedha za wageni hutengeneza mapaa yanayovuja na huwapatia riziki wachuuzi. Hayo yote ni kweli, lakini ni mambo ya mhasibu. Swali letu haliishii hapo.

Kutoka Laos tulikwenda India, na katika mji wa Puri, pwani ya Orissa (ambayo leo huandikwa Odisha), tulikutana na mlango uliofungwa. Hekalu la Jagannath ni la karne ya kumi na mbili, na asiye Mhindu haruhusiwi kuingia. Tulisimama mbele ya lango la mashariki lenye simba wawili wa mawe, tukiwatazama mahujaji wakimiminika ndani kwa maelfu, sisi tukiwa nje kama watoto waliofukuzwa shule kwa ajili ya karo. Mwenzetu mmoja alighadhibika. "Tumepita bahari," alisema, "tumelipa nauli, na hatukuja kwa ubaya." Tulimwonea huruma, kwa kuwa nasi tulihisi hayo hayo ingawa hatukuyasema. Lakini tulipokaa chini ya kivuli na kuyachambua maneno yake, tuliona kwamba neno zito kati ya hayo lilikuwa nauli. Mtu akilipa huanza kuamini kwamba amenunua. Na akiamini amenunua, kila mlango uliofungwa humwonea.

Tulimkumbusha nyumba za Waswahili wa pwani, za Lamu na Unguja, jinsi zilivyojengwa. Nje kuna baraza, na hapo hukaa yeyote, hata asiyejulikana. Kisha kuna daka na ukumbi, kisha ndani, na ndani kabisa ni kwa wenyewe. Hatujasikia mtu aliyeketi barazani, akaletewa kahawa na tende, akalalamika kwamba ametukanwa kwa sababu hakuonyeshwa chumba cha kulala. Ukarimu una vyumba vyake. Kuacha chumba kimoja bila mgeni si uchoyo, na huenda ndicho kinachomwezesha mwenye nyumba kuvifungua vingine kwa moyo mweupe.

Tena Puri haikutuacha na njaa. Katika jiko la hekalu lile wali na dengu hupikwa kwa kuni katika vyungu vya udongo vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, na chakula hicho kikisha kutolewa kwa mungu wao hutoka nje kikawa cha watu. Wahindu wa matabaka yote hukila pamoja, jambo ambalo mahali pengine lilikuwa muhali kwa karne nyingi. Jamaa wa nyumba tuliyopanga walituletea kwenye jani la mgomba. Tukala kwa mkono, kama kwetu. Na mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa Juni au Julai, mungu mwenyewe pamoja na ndugu zake wawili hutolewa juu ya magari makubwa ya mbao, yakakokotwa kwa kamba barabarani, ili amwone kila mtu, awe wa ndani au wa nje. Aliyezuiliwa mlangoni hufuatwa njiani.

Hapa lakini hatuna budi kujizuia tusije tukausifu mlango uliofungwa kupita kiasi. India hiyo hiyo ina historia ya milango iliyofungwa isivyo haki. Wahindu waliohesabiwa kuwa najisi kwa kuzaliwa kwao walizuiliwa kuingia katika mahekalu ya dini yao wenyewe, na mahali pengine hata kupita katika barabara zinazoyazunguka. Huko Vaikom, kusini, watu walikaa barabarani wakipinga tangu 1924 hadi 1925. Mwaka 1930 Daktari Ambedkar aliongoza watu waliodai kuingia katika hekalu la Kalaram mjini Nashik. Na tarehe 12 Novemba 1936 mfalme wa Travancore alitoa tangazo la kuwafungulia Wahindu wote. Tofauti iko wapi? Kwa maoni yetu, mgeni akiambiwa akae ukumbini hakudhulumiwa. Mtoto wa nyumba akiambiwa akae ukumbini amedhulumiwa, maana amenyimwa kilicho chake. Wapo watakaobisha, wakisema binadamu wote ni watoto wa nyumba moja. Hoja hiyo ina uzito, na tulikutana nayo ana kwa ana katika mji wa mwisho wa safari yetu.

Mji huo ni Amritsar, katika Punjab, lilipo hekalu kuu la Masingasinga. Kwetu Jinja tulipokuwa watoto tuliwaita Makalasinga, kama kila mtu alivyowaita, bila mmoja wetu kuwauliza wenyewe wajiitaje. Hekalu lao limezungukwa na maji na lina milango minne, kila upande mmoja, nao husema maana yake ni kwamba hakuna upande wa dunia ambao watu wake hawakaribishwi. Sharti ni kuvua viatu, kuosha miguu na kufunika kichwa. Karibu nalo lipo jiko linaloitwa langar. Desturi hiyo ilianzishwa na Guru Nanak, aliyeishi tangu 1469 hadi 1539, ikatiwa nguvu na Guru wa tatu, Amar Das, aliyetaka kila ajaye kumwona aketi kwanza ale pamoja na wengine. Na wao husimulia kwamba hata mfalme mkuu Akbar aliketi chini kama wengine. Leo hulishwa makumi ya maelfu ya watu kila siku, usiku na mchana, bila malipo, bila kuulizwa dini. Hakuna nyama, ili pasiwepo atakayeshindwa kula. Watu huketi sakafuni kwa safu. Wapitao na vikapu huwapa chapati, nawe wapaswa kuipokea kwa viganja viwili vilivyo wazi; ukinyosha mkono mmoja hungojwa mpaka unyoshe wa pili. Dengu, mboga, wali mtamu wa maziwa. Ukimaliza, ukitaka, waenda kuosha sahani pamoja na wengine, na kelele za sahani hizo za chuma hazikatiki mpaka leo masikioni mwetu.

Ilikuwa kwenye birika la kuoshea vyombo tuliposikia nyuma yetu sauti ikisema, "Ninyi ni watu wa wapi?" Kwa Kiswahili! Kiswahili cha dukani, kile cha Uganda ya zamani, kisichojali ngeli. Lakini kwetu siku ile kilikuwa kitamu kuliko cha vitabuni. Aliyesema alikuwa mzee mwenye kilemba cha bluu na ndevu nyeupe, aliyekuja kuhiji kutoka Uingereza. Tulipomtajia Jinja aliweka sahani chini. Alizaliwa Jinja. Baba yake mzaa baba alikuja na wale watu wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani kati ya 1896 na 1901, na yeye alibaki wakati wengi wao walirudi kwao. Tukaketi naye nje, karibu na maji, mpaka giza.

Vijana wanaosoma jarida hili huenda wasijue vizuri yaliyotokea. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Waliondoka makumi ya maelfu, na maduka, viwanda na nyumba zao zikagawiwa wengine. Sisi tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Tuliwaona jirani zetu wakipakia masanduku, na tulishangilia. Tulishangilia kwa sababu wakubwa walishangilia. Hatukujua chochote juu ya watu wale ila bei zao na ukali wao nyuma ya kaunta.

Mzee alituuliza shule yetu ilikuwa wapi. Tukamweleza. Akanyamaza, akahesabu mitaa kwa vidole, akasema: "Gurdwara yetu ilikuwa nyuma ya shule ile. Kila Jumapili tulipika chakula kama hiki. Kwa mtu yeyote. Kwa nini ninyi hamkuja hata siku moja?"

"Mzee wetu," tukamjibu, "hatukujua kwamba mlango ulikuwa wazi."

Alifikiri kwa kitambo. "Hilo ni kweli," akasema. "Sisi hatukuwaambia. Tulifungua mlango, lakini hatukwenda nje kuita. Wapishi walikuwa watu wenu, waliingia kwa mlango wa nyuma, basi." Hakusema kwa uchungu, wala hakutaka tumwombe radhi, ingawa tulijaribu.

Maneno ya mzee yule yaliharibu mizani tuliyokuwa tumeitengeneza tangu Luang Prabang. Kule tuliona aibu ya kutazama mno, na tukaanza kukubali kwamba njia ya heshima ni kukaa mbali. Kumbe kwetu tulikaa mbali miaka yote ya utoto, hatukumkera mtu, hatukupiga picha ya mtu, tukauacha mlango wa jirani kwa adabu zote; na siku yake ya msiba tukapiga makofi. Hatusemi kwamba tungalikula chapati zile Amin asingaliwafukuza. La hasha! Watawala wa aina ile hawaulizi nani amekula na nani. Wala hatusahau kwamba serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa madaraja, hawa kwenye maduka, hawa kwenye mashamba ya pamba, na kwamba malalamiko juu ya biashara yalikuwa na sababu zake. Tunasema tu juu ya makofi. Makofi yale yalikuwa yetu.

Basi kuna kutazama kunakodhulumu, na kuna kutotazama kunakodhulumu. Mwenzetu aliyeghadhibika Puri anasisitiza kwamba kipimo ni mwaliko: penye mwaliko ingia, pasipo mwaliko kaa barazani. Mwingine anapinga, anasema mwaliko usipotoka, jirani mwema hupiga hodi, na hodi haikuumbwa kwa ajili ya wanaojua tayari kwamba watafunguliwa. Sisi kwa upande wetu tunaona kwamba katika miji yote mitatu lililotubadilisha lilikuwa chakula kuliko mahekalu. Pale Luang Prabang hatukula na mtu, tulitazama watu wakilishana. Puri tulilishwa. Amritsar tulilishwa kisha tukaosha vyombo. Anayetazama anaweza kusimama juu ya ngazi; anayepokea chapati kwa viganja viwili lazima aketi chini. Wakati ukiwa umenyosha mikono miwili, kamera huwezi kuishika.

Nani asemaye kwamba lazima mtu apande ndege? Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na mpaka leo humpa msafiri chakula na mahali pa kulala bila kumwuliza dini. Madereva wa malori wanalijua. Sisi tulikuwa tumelipita mara nyingi tukienda pwani kwa mikutano ya waalimu, tukalitazama kupitia dirisha la basi.

Mzee alipotuaga alituomba jambo moja tu, kwamba tukirudi Jinja tuingie gurdwara ya mtaa ule. Tulirudi. Wiki tatu zilipita nasi hatujaenda. Tulipokutana tulizungumza mengine. Jumapili ya nne tukaenda, tumevaa vizuri kupita kiasi, tukasimama mlangoni tukiwa hatujui viatu vinawekwa upande gani. Kijana mmoja alikuja mbio na vitambaa vitatu vya kufunika vichwa, akatukaribisha kwa Kiingereza, akatuuliza tumetoka nchi gani. Tukamwambia kwamba tumetoka hapa hapa Jinja, nyuma ya ukuta ule, shuleni.